Hadithi na somo kwenye kikao cha kikundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa upande wa Rau, hapa Moshi. Kila nikialikwa kwenye kikundi kingine, iwe Pasua, Kiboriloni au kupanda huko Uru, maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa nipumzike kidogo. Vikundi ninavyovizungumzia ni vile visivyo na mwalimu wala bosi: VICOBA, vikundi vya kina mama, vya bodaboda, vya wagonjwa wa kisukari wanaokutana baada ya kliniki. Wanachama wenyewe ndio wanaoendesha kikao, tena kwa zamu.

Sisi tunakuja kuweka hisa. Hadithi za nini tena?

Swali hili wanauliza wanaume zaidi, nisiseme uongo.

Vikundi nilivyoviona vikivunjika havikuvunjwa na hesabu. Vilivunjwa na jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Mama amekopa kwa jina lake, pesa amechukua mume, wadhamini wake wanne wanajua, wote kimya, mpaka rejesho linakwama na watu wanaanza kupishana njiani bila salamu. Jambo la namna hiyo halina nafasi kwenye ajenda. Halikai kwenye "yatokanayo", halikai kwenye "mengineyo". Lakini mtu akisimulia habari za sungura aliyemdhamini fisi, ghafla linasemeka, kwa sababu anayesemwa ni fisi.

Somo nalo lina kazi yake. Mwanachama asiyejua riba inavyohesabiwa ananyoosha mkono kupitisha kitu asichokijua, halafu mwisho wa mzunguko analalamika kaibiwa.

Hadithi na somo si kitu kimoja?

Hapana, na kuvichanganya ndilo kosa ninaloliona kuliko yote.

Somo lina jibu. Tukifundishana kuhesabu riba, mwisho wa somo wote tupate namba moja, na asiyeipata arudiwe. Hadithi haina jibu. Watu 25 wakisikiliza hadithi na wote wakatoka na wazo moja, hapo hamkusimuliana, mmehubiriwa. Ukiipachika hadithi kwenye somo kama chumvi, watu wanakumbuka chumvi. Ukiligeuza somo kuwa hadithi, wanaondoka wamecheka na hesabu hawaijui.

Viwekwe wapi kwenye ratiba?

Kabla ya sanduku la fedha kufunguliwa. Hili sina mjadala nalo.

Ratiba yetu ya Jumamosi inasema saa tisa alasiri, maana yake tunaanza saa tisa na nusu. Sala, mahudhurio, faini za wachelewaji, halafu hadithi. Dakika kumi za kusimulia, kumi au kumi na tano za kuzungumza. Kama ni wiki ya somo, linafuata hapo hapo, robo saa, basi. Baada ya hapo wenye funguo watatu wanaitwa, kufuli tatu zinafunguliwa, na kuanzia dakika hiyo usitegemee mtu asikilize kingine. Noti zikishatandazwa mezani macho yote yako mezani. Sanduku likifungwa, mwenye mtoto anambeba, mwenye genge anawahi genge.

Tuliwahi kujaribu kufundisha wakati wahesabu fedha wanahesabu, tukidhani tunaokoa muda. Wahesabu nao wakawa wanasikiliza. Zikazidi shilingi 4,000. Kuzidi ni kubaya kuliko kupungua, maana zikipungua mnachangishana, zikizidi kila mtu anaanza kukumbuka kwamba huenda ni zake. Tulihesabu upya mpaka giza likaingia, na kumbe noti mbili za elfu mbili zilikuwa zimehesabiwa kwenye hisa na kwenye mfuko wa jamii pia, ule wa kusaidiana wakati wa shida.

Somo si la kila wiki. Wiki moja ndiyo, moja hapana, inatosha. Hadithi inaweza kuwa ya kila wiki kama wasimuliaji mnao.

Tuchague hadithi za aina gani?

Fupi, yenye watu wawili au watatu wanaotaka vitu vinavyogongana, na isiyo na mtakatifu ndani yake. Hadithi ambayo mmoja ni mwema tangu mwanzo na mwingine mbaya tangu mwanzo haizungumziki, mnabaki kutikisa vichwa.

Nitoe mfano mmoja, maana maelezo matupu hayasaidii. Huku kwetu karibu kila mtu amekua akisikia habari za Kibo na Mawenzi, ingawa kila ukoo una namna yake ya kuisimulia. Kibo na Mawenzi walikuwa majirani. Siku moja moto wa Mawenzi ukazimika. Akaenda kwa Kibo, akamkuta anatwanga ndizi kavu kwenye kinu. Akaomba moto, akapewa, na kwa kuwa chakula kilikuwepo akapewa na ndizi. Njiani Mawenzi akala ndizi, akauzima moto kwa makusudi, akarudi. "Jirani, moto umezimika tena." Akapewa moto na ndizi. Mara ya tatu Kibo akaugundua mchezo, akainua mchi na kumtwanga nao kichwani na mgongoni, ndiyo maana mpaka leo Mawenzi amechongoka vile, mita 5,149 za mawe yaliyovunjika, na Kibo amekaa kwake na kofia yake nyeupe, mita 5,895.

Ilisimuliwa kwetu na mama anayeuza ndizi. Alipomaliza akakaa, na mwendesha kikao wa siku hiyo akauliza swali moja tu: "Nani hapa anamtetea Mawenzi?"

Kimya. Watu wakacheka. Halafu kijana wa bodaboda akasema yeye hamtetei Mawenzi, ila Kibo naye ana makosa. Mara ya kwanza alitoa bila kuuliza, mara ya pili bila kuuliza, ya tatu akapiga. "Angeuliza mara ya pili tu: moto niliokupa ulizimikaje? Mchi wa nini?" Mweka hazina akasema kikundi nacho kinafanya vivyo hivyo, tunatoa mkopo wa pili bila kuuliza wa kwanza ulifanya nini. Wakabishana hapo kwa muda. Kisha bibi mmoja, ambaye kwa kawaida akija anasalimia, anaweka hisa zake mbili na kuondoka, akasema polepole: "Mbona hamuulizi kwa nini hakusema tu kwamba ana njaa?"

Hapo ndipo kikao kilipogeuka. Kwenye daftari letu la mikopo kuna sehemu ya "sababu ya mkopo", na karibu wote huandika "biashara". Jioni ile watu wawili wakasema wenyewe, bila kulazimishwa, kwamba mkopo wao wa mwisho ulikuwa ada ya shule na unga, waliona aibu kuandika. Wiki mbili baadaye tukakubaliana kwamba mwenye shida ya chakula aombe kwenye mfuko wa jamii, bila riba, arudishe ndani ya miezi mitatu. Hakuna mtaalamu aliyetuletea hilo. Lilitoka kwenye kinu cha Kibo.

Nani atoe mafunzo ya hadithi mwishoni?

Hakuna. Msimuliaji akimaliza, akae chini.

Najua ni vigumu. Wengi wetu tumepita shule ambako kila hadithi ilifungwa kwa "hadithi hii inatufundisha nini?", na mtoto mmoja mwepesi wa kunyoosha mkono akajibu kwa niaba ya darasa zima. Kwenye kikundi cha watu wazima swali hilo linamaliza mazungumzo. Uliza kitu ambacho watu wanaweza kugawanyika juu yake: nani anamtetea fulani, wewe ungefanya nini pale njiani, hadithi ingeishia wapi kama asingerudi mara ya tatu.

Sisi hili tulijifunza kwa gharama. Miezi michache baada ya kikao kile kizuri, mweka hazina wetu, kwa utani tu, alimwita "Mawenzi" mama mmoja aliyechelewesha rejesho. Duara zima likacheka, naye akacheka. Wiki iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Mimi na mwenyekiti tukaenda kwake, tukakaa uani, akatupa chai, tukazungumza mvua na bei ya mahindi mpaka chai ikaisha. Ndipo akasema: "Mimi nilidhani ile hadithi ilikuwa ya wote."

Tulikuwa tumeigeuza hadithi kuwa sheria, na sheria huwa inatafuta mtu wa kumkamata. Mweka hazina aliomba radhi mbele ya kikao. Mzee mmoja alitaka apeleke isale kabisa, lile jani ambalo kwa Wachagga ukiletewa huwezi kukataa kusamehe, lakini mama mwenyewe akasema haijafika huko. Alirudi. Na katika kikundi chetu majina ya kwenye hadithi hayabandikwi kwa mtu, hata kwa utani, faini yake ni shilingi 2,000.

Hatuna mwalimu. Somo atafundisha nani?

Anayejua. Na katika kikundi cha watu 25 kuna wanaojua mengi kuliko mnavyodhani, ila hawajawahi kuitwa walimu. Kwetu mama anayeuza mitumba soko la Memorial ametufundisha namna ya kugawa belo kwenye mafungu kabla ya kupanga bei, ili nguo tatu nzuri zilipe nguo kumi mbovu. Kijana wa bodaboda ametufundisha gharama za pikipiki kwa siku, mafuta, oili, tairi, na wote tukaelewa kwa nini hesabu anayopeleka kwa bosi wake inamwacha na kidogo. Mwenye shamba Kibosho alikuja na tawi la kahawa lenye chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, tukaipitisha punje kwa punje mikononi.

Kanuni ninazozisisitiza ni mbili. Somo moja lina jambo moja. Na lazima kuwe na kitu cha kushika.

Hapa ndipo maharage yanapoingia, na naomba mnivumilie nilieleze vizuri, kwa sababu hili ndilo somo ninaloombwa zaidi. Ni somo la riba. Chukua ungo na maharage ya rangi mbili, mekundu na ya njano. Kila harage ni shilingi 1,000. Mwanachama mmoja anakopa 90,000 kwa miezi mitatu, riba asilimia 10 kwa mwezi. Mhesabie maharage mekundu 90 kwenye ungo.

Mzunguko wa kwanza ni riba isiyobadilika. Kila mwezi anarudisha mekundu 30, na kila mwezi riba ni asilimia 10 ya mkopo wa mwanzo, yaani maharage 9 ya njano. Weka 9, weka 9, weka 9. Kwenye sahani kuna ya njano 27.

Mzunguko wa pili ni riba inayopungua. Mwezi wa kwanza anadaiwa 90, riba 9, anarudisha 30. Mwezi wa pili kwenye ungo yamebaki 60, kwa hiyo riba ni 6. Mwezi wa tatu yamebaki 30, riba 3. Hesabu ya njano: 18.

Usiseme neno. Weka sahani mbili jirani. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, fundi cherehani mmoja aliinuka kwenye kiti chake, akachuchumaa, akahesabu upya kwa kidole sahani zote mbili. Akasema, "Asilimia ni ileile?" Ileile. "Miezi ni ileile?" Ileile. Akarudi kukaa. Yale maharage tisa ya tofauti yalifanya kazi kuliko semina nzima. Jioni hiyo watu walianza kutoa mikataba ya kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, iliyokuwa kwenye pochi zao, wakaomba tuihesabu nayo kwa maharage. Mmoja ungo ulimshinda. Maharage yaliisha kabla ya mkataba kuisha.

Jambo moja kwa anayefundisha: akikosea, asahihishwe na kikundi papo hapo, bila kicheko. Mwalimu wetu wa hesabu aliwahi kukosea kujumlisha, na mwanachama ambaye hakumaliza darasa la nne ndiye aliyemwonyesha. Siku ile alikaa kwenye kiti chake kama mbunge.

Tukimwalika mtaalamu je?

Mwalikeni, ila aje kwenye kikao chenu, msiende ninyi kwenye mkutano wake. Tofauti unaiona kwenye viti. Mtaalamu akifika na viti vikapangwa mistari akasimama mbele, tayari kikundi kimeshakuwa darasa. Mwacheni akae kwenye duara kama wengine, asikilize hadithi kwanza.

Afisa mmoja aliwahi kutujia na kompyuta na picha za kuonyesha ukutani. Umeme ukakatika. Akasimama pale akisoma kwenye skrini kwa dakika 50, sanduku limefungwa, watoto wanalia. Hakuwa mtu mbaya, ila hakuna aliyemwambia ana robo saa. Siku hizi tunampa mgeni maswali matatu yaliyoandikwa, wiki moja kabla, na tunamwambia muda wake kwenye simu kabla hajapanda bajaji. Bwana shamba wa mwisho tuliyemwalika aliulizwa swali moja tu, kama inalipa kung'oa mibuni ya zamani na kupanda miche ya chotara inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, ile inayotoka kituo cha utafiti wa kahawa Lyamungo. Alijibu kwa dakika kumi, akakaa, akaulizwa mengine ishirini.

Watu wasimulie mambo ya kweli ya maisha yao?

Ndiyo, kwa masharti, na msianze na hayo. Anzeni na fisi na sungura miezi miwili, watu wazoeane.

Sharti la kwanza: simulia lako. La dada yako ni la dada yako. Kuna kikundi mwanachama alisimulia, kwa nia njema kabisa, mkasa wa ndugu yake bila kumtaja jina, na aliyekaa viti viwili kutoka kwake alikuwa jirani wa huyo ndugu. Kufika Jumatatu habari ilikuwa imefika kisimani. Moshi ni ndogo.

La pili: yeyote anaweza kusema "leo napita", na haulizwi kwa nini. La tatu: tukisikia jambo la mtu kupigwa au mtoto kuumizwa, kikundi si mahakama wala si baraza la ukoo la kuwasuluhisha. Wanachama wawili anaowaamini wanamsindikiza Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Mtu akilia, mwacheni alie. Yupo mtu kila kikundi anayewahi kusema "nyamaza, Mungu yupo", na ni kweli yupo, lakini hajasema tunyamaze.

Mzee akishika kisimulio haachii. Tunamkatizaje bila kumvunjia heshima?

Kengele haifai kwa mzee. Tuliijaribu, babu mmoja akauliza kama tumekuwa kanisani.

Kinachofanya kazi kwetu ni hiki. Mtunza muda ni mwanachama mdogo kuliko wote. Dakika zikiisha anasimama, anamimina chai, anaipeleka kwa mikono miwili: "Babu, karibu chai." Mtu hawezi kunywa chai na kusimulia kwa wakati mmoja. Anapokea, anashukuru, na mwendesha kikao anasema: "Babu ametufikisha mtoni, wiki ijayo atatuvusha." Heshima imebaki, na wiki ijayo kuna watu wanaowahi kwa sababu wanataka kujua alivukaje.

Na wale wasiosema kabisa?

Kwanza angalia wamekaa na nani. Mkamwana aliye duara moja na mama mkwe wake hatasema neno juu ya pesa za nyumbani, wala usimlaumu. VICOBA tayari wana vikundi vidogo vya watu watano watano wanaodhaminiana. Vitumieni: hadithi isimuliwe kwa wote, mazungumzo yafanyike kwenye watano, halafu kila kundi litoe neno moja bila kutaja aliyelisema. Mkwe na mkamwana msiwaweke pamoja. Mengine yatakuja yenyewe au hayatakuja.

Tutumie Kichagga au Kiswahili?

Kiswahili. Mjini tuna Wapare, Wameru, Wamasai, Wasambaa, na hata Wachagga wenyewe Kichagga si kimoja: weka Mrombo na Mmachame, kila mmoja aongee cha kwao, uone kama hawataishia kwenye Kiswahili. Ila methali, wimbo au kiitikio kwa lugha ya nyumbani mkiache kama kilivyo, kisha kielezwe. Kiitikio kikitafsiriwa kinakufa.

Jambo hili limetoka wapi? Ni la wafadhili?

Hapana. Waliokuwa watu wazima mwaka 1973 wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi kwa wiki 12, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai kwa mtindo uleule. Mpangilio ule wa kusikiliza, kujadili na kutenda ulikuwa mzuri, na mimi nauiba bila aibu. Kasoro yake ni kwamba somo lilishaamuliwa kabla kikundi hakijakaa.

Na huku mlimani kuna ya zamani zaidi. Wenye mfongo mmoja, ule mfereji unaoshusha maji vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, walikuwa wakikutana wenyewe kupanga zamu za maji na siku ya kusafisha, na kijana alijifunza mfereji kwa kutembea na wazee akisikia nani aliuchimba na nani aliadhibiwa kwa kuiba maji. Ukiongeza kwamba wakulima wa hapa walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu 1933, na kwamba chuo cha ushirika kilianza hapa hapa Moshi mwaka 1963 na leo ni chuo kikuu, utaona kukaa na kufundishana hatukuletewa kwenye bahasha.

Tunaweza kufanya kwa WhatsApp?

Kukumbushana, ndiyo. Kusimulia, mimi sishauri. Sauti ya dakika saba hakuna anayeisikiliza mpaka mwisho, na iliyo na siri inasikilizwa na wasiohusika.

Iandikwe kwenye katiba?

Mstari mmoja tu: kwamba kila kikao kina muda wa hadithi na kila baada ya wiki mbili kuna somo, kabla ya kufungua sanduku. Kikundi kinaposajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 lazima kiwe na katiba, kwa hiyo mkiirekebisha kwa jambo jingine, ongezeni na hilo. Msiandike majina ya hadithi wala orodha ya masomo ya mwaka mzima. Tuliandika mwaka wa kwanza, tukafuata wiki tatu.

Desemba tunafanyaje?

Desemba msijidanganye. Kuanzia tarehe 15 watu wanarudi nyumbani kutoka Dar na Mwanza "kuhesabiwa", kila nyumba ina wageni, na nusu ya kikundi wako kwenye sherehe au harusi. Sisi tunavunja mzunguko na kugawana wiki ya kwanza ya Desemba, na siku hiyo hakuna somo. Kuna hadithi moja tu, kila mwaka anasimulia mwanachama mpya kuliko wote, kuhusu siku aliyoingia kwenye kikundi na alichokuwa anakiogopa. Ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote, na nyingi zinachekesha.

Tunataka kuanza Jumamosi ijayo. Tulete nini?

Mtu mmoja aambiwe leo kwamba atasimulia, apate wiki nzima ya kuipitia hadithi yake jikoni. Mwingine aandae swali moja, moja tu, lililoandikwa kwenye karatasi. Viti vya duara. Saa. Chai kwa ajili ya wazee. Na kama mnaanza na somo la riba, ungo, sahani mbili, na maharage mabichi ya rangi mbili, nusu kilo kila rangi.

Baada ya somo maharage anachukua nani?

Kwetu anachukua aliyefundisha. Kuna kikundi cha Kiboriloni wanayapiga mnada, na pesa inaingia mfuko wa jamii. Wiki iliyopita nusu kilo iliuzwa 6,000, kwa ubishi tu wa wanunuzi wawili.